Uvundo wa zizi ni mbolea inayopaa

Aghalabu mwanafunzi wa Kemia huijua amonia ndani ya chupa ya maabara, akaonywa asiinuse kwa karibu. Arudipo kwao Kiambu au Nyandarua, gesi iyo hiyo humchoma macho zizini, naye huiita uvundo tu. Hapo ndipo elimu yetu inapopotelea.

Jina amonia, kwa asili yake, limetokana na Amun, mungu wa Wamisri wa kale. Neno ni la bara hili hili. Iweje basi maarifa yake yafungiwe katika Kiingereza cha mtihani?

Mambo yenyewe si ya uchawi. Mkojo wa ng'ombe una yurea, na kimeng'enya kilichomo katika kinyesi huivunja yurea hiyo ikawa amonia. Ndiyo maana sakafu ambapo mkojo na kinyesi vimechanganyika hunuka kuliko ile yenye mfereji wa kuutenga mkojo mapema. Joto na upepo huzidisha hasara, na samadi iliyoachwa wazi hupoteza nitrojeni kuliko iliyofunikwa. Ng'ombe anayelishwa protini kupita mahitaji yake huitoa ziada kwa mkojo. La kushangaza ni jivu. Wapo wanaolimwaga juu ya samadi ili kukata harufu, ilhali jivu, sawa na chokaa, hupunguza asidi na kuifukuza amonia hewani kwa kasi zaidi!

Shambani ni yayo hayo. Mbolea ya yurea ina asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50. Mkulima wa Trans Nzoia akiinyunyiza juu ya udongo wenye unyevu kidogo, kisha jua likawaka siku kadhaa pasipo mvua ya kuizamisha, sehemu ya kilo hizo hupaa. Akiifukia, nyingi hubaki ardhini. Serikali iliteremsha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500 mnamo 2022, kisha hadi Sh2,500 mwaka wa 2023. Kuhusu bei tumelumbana hadi koo zikakauka. Kuhusu kufukia, kimya.

Walimu wa Kemia na wa Kilimo wangeweza kuanza na somo moja tu, kwa Kiswahili, kando ya zizi la shule. Karatasi nyekundu ya litmasi, ikiloweshwa maji na kushikiliwa juu ya samadi mbichi yenye mkojo, hugeuka kuwa buluu.