Majina Yao Tuyaandike Sisi

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ndugu wasomaji, leo naomba niyatie maneno hayo kwenye mizani. Sisi vijana wa Likoni tunajua majina ya wachezaji wote wa ligi ya Uingereza, walio uwanjani na walio benchi. Lakini je, ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la kijana mmoja tu wa hapa kwetu aliyekwenda vitani akafa?

Kwetu ni Shelly Beach. Ukikaa pale ufuoni jioni, unaziona meli zikitoka Kilindini, zinapita mlangoni, halafu zinashika njia ya bahari kuu mpaka zinakuwa kama nukta. Nyanya yangu hapendi kuzitazama. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni macho yanamsumbua. Kumbe tabia hiyo aliirithi kwa mamake.

Mamake nyanya alikuwa na kaka mmoja tu. Kaka huyo alijiunga na King's African Rifles, yaani KAR, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hata miaka 20 hajatimiza. Alipandishwa meli Kilindini pamoja na wenzake, na dadake, wakati huo bado msichana, alisimama ufuoni akaitazama meli ile mpaka ikapotea. Basi ikawa ndiyo kwaheri. Khabari iliyofika nyumbani baadaye ilikuwa fupi: amefia Bama. Hapana kaburi, hapana barua, hapana hata kofia yake. Watu wakasoma hitima, wakatawanyika.

Bama ndiyo nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha faru, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw. Askari wa miguu walitembea kwenye matope wakati wa mvua kubwa za huko, wakipigwa na risasi upande mmoja na malaria upande wa pili. Desemba mwaka huo ndipo jeshi lilipovuka mto Chindwin. Katika vita hivyo vya 1939 hadi 1945, Wakenya karibu 100,000 waliingia jeshini. Na lugha iliyotumika KAR kuwaamrisha watu wa makabila mbalimbali ilikuwa ni Kiswahili. Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa mada hii haihusu Chama cha Kiswahili!

Tena si wote waliofika huko. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kuelekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga, na kwa muda mfupi mno ikazama. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Maji ya mwisho ya nyumbani waliyoyaona ni haya haya tunayoogelea Jumapili.

Sasa niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwalimu wetu wa historia alitwambia kuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha za askari waliokufa kwenye intaneti. Nyanya akanipa jina la mjomba wake na jina la babake, nami nikaenda saiba kule karibu na feri. Wallahi moyo ulinidunda. Lo! Yalitokea majina mengi yanayofanana na lake, na kila jina lina namba yake ya jeshi. Namba ya mtu wetu hatuna. Bataliani yake hatuijui. Nikazima kompyuta nikarudi nyumbani.

Nyanya aliniuliza mlangoni, "Mumemuona?"

Nikamjibu, "Nyanya, wako wengi wenye jina lake."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi waombeeni wote."

Maneno hayo hayajanitoka. Na huyu wetu ana nafuu, kwa sababu wa vita vyake angalau wameandikwa kwa majina. Wale wa Vita vya Kwanza, 1914 hadi 1918, wengi hawana hata hilo. Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zilijengewa minara ya askari katika miaka ya 1920. Maandishi ya mnara wa Nairobi yanamwahidi askari kwamba akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri, lakini jina lenyewe halikuandikwa! Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wapagazi, hawa waliotuachia jina la Kariakoo.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu alinicheka. Akasema, "Wewe nawe! Hao walimpigania mfalme wa Wazungu. Sisi yatuhusu nini?" Swali lake si la kipuuzi, na nitalijibu.

Kwanza, si wote waliokwenda kwa hiari yao. Na waliokwenda kwa hiari, wengi walifuata mshahara, maana kodi ya mkoloni ilikuwa inawangoja nyumbani. Pili, vita hivyo viliwafumbua wengine macho. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa askari wa KAR kule Bama. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kosa la vita ni la aliyevianzisha. Maiti ni wetu. Mfalme hakulia Shelly Beach. Aliyelia ni mamake nyanya.

Isitoshe, jambo hili halikuishia kwa mkoloni. Mwaka 1963 bataliani za KAR za hapa nchini ziligeuka kuwa Kenya Rifles, jeshi letu wenyewe. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu kule El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab, na vijana wengi wa Kenya wakauawa. Serikali haikutangaza rasmi idadi yao kamili. Aliyekufa 1944 tutasema ni mambo ya Mwingereza. Je, wa 2016 tumlaumu mkoloni gani? Najua jeshi lina siri zake, na adui hapaswi kuambiwa kila kitu. Lakini jina la marehemu si siri ya vita. Ni haki ya mamake.

Kwa hivyo natoa shauri. Chama chetu kifungue daftari. Likizo hii kila mwanachama awaulize wazee wa kwao: nani alikwenda vitani, mwana wa nani, wa mtaa gani, namba gani kama ipo, na alirudi au hakurudi. Kama kuna nishani au karatasi kuukuu sandukuni, zinakiliwe kabla mchwa hawajazimaliza. Daftari liwekwe maktaba, na karibu na Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, majina yasomwe gwarideni. Gharama yake ni kalamu na adabu ya kuuliza. Lakini tufanye haraka, wenzangu. Nyanya yangu amefika miaka themanini, na wenziwe wanaondoka mmoja mmoja.

Daftari nimekwisha kulinunua. Ukurasa wa kwanza una jina la mjomba wake nyanya. Hapa gazetini sikulitaja kwa kuwa nyanya ametaka lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya watu. Penye namba ya jeshi nimepaacha wazi. Kurasa zilizobaki ni zenu.