Ufufuo Hauhitaji Hakimu

Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, mjini Pangani. Aliyekiona kitanzi kile hayupo tena, na habari zimetufikia kwa maandishi ya adui zake na masimulizi ya wazee. Hatubishani. Lakini wafuasi wa Yesu waliosema wamemwona hai baada ya kuzikwa wanabishaniwa katika kila mhadhara wa dini pwani hii.

Sababu ya tofauti hiyo iko wazi. Mtu akikuambia kaona pantoni ya Pangani ikivuka mto kwenda Bweni, humuulizi swali. Akikuambia kaona mtu akivuka kwa miguu juu ya maji, utataka kujua alisimama wapi na nani mwingine aliona.

Wahubiri wa Pasaka hupenda kudai kwamba ufufuo ungethibitika hata mahakamani. Haya, twende mahakamani. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 hapa Tanzania haidai idadi maalumu ya mashahidi, ila inataka aliyeona aje aseme mwenyewe. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliagiza ushahidi wa utambuzi wa macho upimwe kwa makini: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga upi, na je, alimfahamu kabla? Mariamu Magdalena alimfahamu Yesu vizuri, lakini Injili ya Yohana inasema alimdhania mtunza bustani. Wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea naye njiani wasimtambue mpaka alipomega mkate. Wakili wa upande wa pili angefurahi sana.

Hitilafu ndogo hazinisumbui. Malaika mmoja au wawili kaburini? Mahakama zetu husamehe tofauti zisizogusa mzizi wa shauri, na mashahidi wanaofanana neno kwa neno ndio wa kutiliwa shaka. Kizito zaidi ni orodha ya Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa yapata mwaka 55, miaka ishirini na ushee baada ya msalaba. Anawataja Kefa, yaani Petro, Yakobo ndugu yake Yesu, na watu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa hai bado. Aliyesoma elimu ya Hadithi za Mtume atauliza mara moja: hao 500 ni akina nani? Hawana majina. Na Mariamu, ambaye Injili zote nne zinamweka kaburini, kwa nini hayumo?

Hata hivyo, Paulo mwenyewe alikuwa akiwatesa Wakristo, na Yohana anasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Watu wa namna hiyo kugeuka si jambo la kupuuza. Kwangu mimi linathibitisha kwamba waliamini kwa dhati kuwa wamemwona. Halithibitishi zaidi ya hapo.

Muislamu naye asishangilie upesi. Suratun Nisaa, aya ya 157, inakanusha kwamba Yesu alisulubiwa, na anayeipokea anaipokea kwa kuwa ni wahyi, wala hakuletewa shahidi wa macho aliyekuwapo Yerusalemu siku ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahubiri wa pande zote mbili ni hili: semeni mnaamini, mseme na kwa nini, na muache kuwaahidi watu hukumu ambayo hakuna mahakama inayoweza kuitoa.