Nilipiga kura ocha, nikamwachia Kukhu matokeo

Wasee, leo sina vichekesho. Leo niko na kesi, na mshtakiwa ni mimi.

Agosti 2022 nilipanda basi Kangemi saa tatu usiku kwenda ocha kupiga kura. Nauli sikulipa. Basi lilikodishwa na watu wa mgombea mmoja wa kiti cha MCA, na ndani tulikuwa vijana watupu, kila mtu na soda yake na mkate. Asubuhi, kabla tuingie kwenye foleni, kila mmoja akapewa elfu moja. Nilikuwa nimejiandikisha huko mwaka uliotangulia, baada ya mjomba kunipigia simu: "Umepata kitambulisho? Basi usijiandikishe huko Nairobi. Njoo utusaidie nyumbani."

Nikapewa karatasi sita. Rais nilikuwa nimemfikiria miezi mizima. Gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake, hao angalau nilikuwa nimewasikia kwa redio. Ile ya MCA nikampigia mtu wa basi. Sikujua hata jina lake la pili. Usiku huo huo nikarudi Nairobi. Mtu wetu akashinda, tena kwa kura ambazo ungeweza kuzipakia zote kwenye mabasi matatu.

Desemba iliyopita nikaenda kumwona shosho yangu. Sisi kwetu humwita Kukhu. Ana presha. Dispensari ya kaunti iko karibu, dakika kumi kwa mguu, lakini akifika pale anaandikiwa dawa kwa karatasi aende akanunue mjini. Nduthi kwenda na kurudi ni mia tatu, kabla hata hujanunua dawa yenyewe. Mwezi ambao hana pesa, anameza moja leo, kesho anaruka, ndio zisiishe haraka.

Niliposikia hivyo nikaanza kumrarua MCA. Kwamba hana maana, kwamba hashiki simu, kwamba amenona. Kukhu akaniacha niongee mpaka nikachoka, kisha akasema, "Wewe ulimchagua ukapanda gari ukaenda. Sisi ndio tulibaki naye."

Manze, sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tukubaliane kitu kimoja: wengi wetu hatujui kazi ya MCA. Tangu 2013, katiba ya 2010 ilipoanza kufanya kazi kwenye kaunti, dispensari iko chini ya kaunti. Chekechea pia, na vyuo vya ufundi vya kijijini, na ile barabara ya matope inayoshusha abiria wa nduthi. Gavana na watu wake ndio huandaa bajeti, lakini bunge la kaunti ndilo huipitisha, na ndilo hupaswa kumuuliza gavana pesa zilienda wapi. Ndani ya bunge hilo, mtu wa Kukhu ni mmoja tu: MCA wa wadi yake. Kenya nzima kuna wadi 1,450, na ukiangalia maisha ya kila siku ya mtu wa ocha, hicho kiti kinamgusa kuliko kelele zote tunazopiga kuhusu Ikulu.

Lakini sisi MCA tunampima na nini? Amechanga ngapi kwa matanga? Ametuma basi? Ametoa karo? Hizo zote si kazi yake kisheria. Mtu akitumia pesa nyingi hivyo kuingia, akishaingia kitu cha kwanza anachofikiria ni kurudisha pesa yake. Na usidhani mwenye kosa ni yeye peke yake. Kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, anayepokea hongo ana hatia kama anayetoa. Ile elfu moja yangu iko hapo ndani.

Juni 2024 kizazi chetu kilijaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Tuliusoma kifungu kwa kifungu, tukaueleza kwa video, wengine hata kwa lugha za mama. Hakuna mtu atatuambia hatuwezi kusoma bajeti. Sasa niambie, bajeti ya kaunti yako umewahi kuifungua? Inatakiwa kufika bungeni kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi lazima wapewe nafasi ya kutoa maoni. Vikao vingine hufanyiwa chini ya mti, siku ya kazi, na wanaoketi pale ni wazee.

Novemba 27, 2025 kulikuwa na chaguzi ndogo. Macho yote yalikuwa Mbeere Kaskazini na Malava, kwenye viti vya wabunge. Siku hiyo hiyo kuna wadi pia zilikuwa zinachagua MCA, kama Chewani kule Tana River na Metkei kule Elgeyo Marakwet. Ulisikia nani akizijadili? Mimi pia nilinyamaza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huishi ocha na huna mpango wa kufuatilia mambo ya ocha, usiende kuwachagulia watu MCA. Jiandikishe pale unapolala, pale maji yakipotea wewe ndio unabeba mtungi.

Najua mtaniambia, "Ocha ni kwetu, nitazikwa huko." Sawa. Lakini kuzikwa huko si kuugua huko. Kukhu ndiye anaugua huko.

Mwingine atasema, "Ukitoka wewe, mwenye akili, mabasi bado yatajaa." Hiyo ni hoja nzito, sikatai. Ndio maana sisemi wote tuhame. Kama unataka kubaki kwenye daftari la ocha, baki, lakini lipa nauli yako mwenyewe, jua wagombea wote kwa majina, na baada ya kura uulize kuhusu dispensari hata kama hakuna anayekurekodi.

Mimi nimeamua. Naenda ofisi ya IEBC kuhamisha kura yangu kuileta Umoja, na kabla ya Agosti 10, 2027 nitakuwa nimejua MCA wa hapa amefanya nini. Mjomba nimeshamwambia. Amekasirika, amesema nimetupa nyumbani.

Kukhu naye nilimpigia jana nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ile bajeti ulisema, inasomwa wapi?" Nimemwambia nitaitafuta ya kaunti yake, niichape, niitume na basi. Ya kulipiwa na mimi.

Wewe je, umejiandikisha wapi, na MCA wako anaitwa nani? Jibu bila kutafuta kwa simu.