Mbwembwe Zikishika Usukani

Kiswahili kina neno ambalo wanafunzi wangu hulipenda mara tu wanapolisikia: mbwembwe. Maana yake ni madoido anayofanya mtu ili atazamwe. Neno hili si tusi. Bibi harusi ana mbwembwe zake, mpiga ngoma ana zake, na mtangazaji wa mpira redioni naye hazimkosi. Tungekuwa watu wakavu mno bila mbwembwe. Lakini nitatetea hoja moja katika makala haya: mbwembwe zikishika usukani wa pikipiki, mwendeshaji hubaki abiria.

Tuanze na neno jingine. Hapa Rusizi, kama ng'ambo ya mto upande wa Kongo, watu husema "moto" wakimaanisha pikipiki. Katika Kiswahili sanifu, moto ni ule unaowaka jikoni, na magari na pikipiki huitwa "vyombo vya moto". Ukiandika "nilipanda moto" katika mtihani, msahihishaji wa Dar es Salaam atashtuka. Hata hivyo, kosa hilo lina hekima ndani yake. Moto hupika na moto huunguza. Tofauti iko kwa anayeutumia.

Muganza ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kipo hapa, kwa hiyo malori mazito ni majirani zetu wa kila siku. Barabara inayotoka Kamembe huteremka kwa kona nyingi hadi uwanda wa Bugarama, penye mashamba ya mpunga, na kutoka hapo njia huelekea Kamanyola upande mmoja na Ruhwa, mpakani mwa Burundi, upande mwingine. Barabara hiyo moja ni ya lori, ya baiskeli iliyobeba gunia, ya mama mwenye kapu kichwani, ya mtoto mwenye sare na ya motari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekata tiketi ili atazame maonyesho.

Vijana wengi hujifunza mtindo wa kuendesha kutoka kwenye video za mashindano. Humwona bingwa wa MotoGP ameilaza pikipiki kwenye kona, goti lake likigusa lami, nao hutamani picha kama ile. Lakini waulize: kwa nini bingwa hushusha goti? Bingwa huusogeza mwili wake upande wa ndani wa kona ili pikipiki yenyewe isilazimike kulala sana kwa mwendo uleule. Kwa njia hiyo tairi hubaki na akiba ya kushika barabara. Goti humsaidia kupima amelala kiasi gani. Kwake yeye, tendo hilo ni hesabu. Anayeiga goti bila kuijua hesabu ni kama mtu anayeiga sahihi ya daktari akidhani ameshajua kutibu.

Hali ni hiyohiyo kwa wale wanaonyanyua gurudumu la mbele mbele ya kadamnasi. Pikipiki hupindishwa kwa gurudumu la mbele. Tena, ukifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, na ndiyo sababu breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo. Mwenye gurudumu hewani, kwa dakika hiyo, hana njia ya kukata kona wala breki yake kuu. Watazamaji husema, "Tazama anavyoimudu!" Ukweli ni kwamba ameachia kwa hiari yake mambo mawili yanayomwezesha kuimudu.

Hapa hesabu ya darasani ina faida. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Ikiwa mtoto atachomoza kati ya magari mawili na mwendeshaji akachukua sekunde moja kutambua, mita 17 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Baada ya hapo, ukiwa umezidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara nne. Kanuni hii haimjui bingwa wala mwanagenzi. Mjuzi huiheshimu kwa kupunguza mwendo kabla ya kona. Mwenye mbwembwe huikumbuka akiwa katikati ya kona.

Wapo wanaodhani kwamba kofia ngumu ni alama ya uoga. Nawaomba wasome historia ya baiskeli. Mwaka 1991, katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa, waendeshaji waligoma kwa sababu walitakiwa kuvaa kofia. Mwaka 2003, katika mashindano hayohayo, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila kofia akafariki, na mwaka huohuo uvaaji ukawa wa lazima. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wapanda baiskeli hodari kuliko wote duniani walipita mbele yetu na kofia zao. Barabara ilikuwa imefungwa, na magari ya wagonjwa yalikuwa tayari. Katika MotoGP nako, tangu mwaka 2018 kila mwendeshaji hulazimika kuvaa vazi lenye mfuko wa hewa unaofumuka anapoanguka. Tazama ajabu hii: kadiri mtu anavyozidi ustadi ndivyo anavyozidi kujikinga. Anayeacha mkanda wa kidevuni ukining'inia kwa sababu anakwenda "hapo tu" amemshinda nani kwa ujuzi?

Nafahamu jibu litakalotolewa: "Ajali haina kinga." Methali hii inatumiwa vibaya sana. Wazee waliitoa ili kumfariji aliyefikwa na msiba, asijitese kwa lawama. Hawakuitoa iwe leseni ya kuutafuta msiba. Ajali huenda isiwe na kinga kamili, lakini kichwa kina kofia na mwendo una breki. Kampeni ya Polisi ya Taifa ya Rwanda iliyoanzishwa mwaka 2019 huitwa Gerayo Amahoro, yaani "ufike kwa amani". Angalia kwamba wito huo hausemi "ufike wa kwanza".

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Kijana anayependa pikipiki ya mashindano hana dhambi, na kupenda kasi hakumfanyi mtu mhuni. Anayekimbia kwenye uwanja uliofungwa, amevaa mavazi kamili, akiwa na mwalimu wa kumrekebisha, anafanya michezo ya heshima. Tena, tamaa ya kuonekana ni ya kibinadamu. Kijana asiyepewa nafasi ya kuonekana kwa kazi yake atatafuta kuonekana kwa kelele. Atatoboa bomba la moshi ili kijiji kizima kijue amepita. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, lakini sisi watu wazima tujiulize kwa nini tumeliacha tupu. Kumkemea bila kumpa uwanja, mafunzo wala sifa anapofanya vyema ni nusu ya malezi.

Utawatofautishaje basi mjuzi na mwenye mbwembwe? Kipimo changu ni swali moja: kama hapakuwa na mtazamaji wala simu ya kumrekodi, je, angeendesha hivyo? Motari anayekagua tairi na breki alfajiri, peke yake, ni mjuzi. Anayepunguza mwendo karibu na shule ambayo wanafunzi wake hawajatoka bado ni mjuzi. Ustadi wake hauonekani kwa sababu matunda yake ni jambo ambalo halikutokea. Hakuna anayepiga makofi kwa ajali iliyoepukwa.

Na hapo ndipo unapoingia wewe, mwanafunzi wangu. Mbwembwe huhitaji hadhira, na hadhira ni wewe. Kila unaposhangilia gurudumu lililonyanyuliwa au kusambaza video yake, umechangia bei ya safari ya kesho, na huenda ikalipwa na abiria asiyekuwepo ulipokuwa ukipiga makofi. Uraia mwema huanza kwa kuzuia makofi yako.

Uraia mwema huhitaji pia maneno. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Usikifungie katika daftari. Ukiwa abiria, una haki ya kusema, kwa adabu na bila kutetemeka: "Kaka, tafadhali punguza mwendo." "Naomba kofia inayofunga vizuri." "Nishushe hapa, nitatembea." Sentensi hizi tatu ni fupi na sarufi yake ni nyepesi. Zikariri leo, uzitamke kwa sauti mara kadhaa, kisha umfundishe mdogo wako.