BUSTANI NDOGO: Ua la Jicho Jeusi Ndani ya Dumu Lililotoboka

 

Mara nyingi hapa tunaongea habari za mboga. Mwezi huu tunaongea habari ya ua. Tunajua kuna watakaocheka: "Posho haitoshi, maji ni ya foleni, halafu mnatuambia tupande maua! Maua yanaliwa?" Swali hilo ni la haki, na hatulikimbii. Kipimo cha UNHCR ni lita 20 za maji kwa mtu kwa siku, na wanaopanga dumu bombani wanajua kama huwa wanazipata au hapana.

Kwa hiyo tukubaliane mambo 3 kabla ya kuanza. Kwanza, dumu zima ni la maji, na gunia zuri ni la mchicha, ule ambao wengine tunauita lengalenga. Ua linapewa dumu au bidoni iliyotoboka, isiyofaa tena kuchotea. Pili, ua halipewi maji safi, linapewa yale yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Tatu, halikai chini penye nafasi ya mboga, linaning'inia juu. Ukifuata hayo, ua lako halijamnyang'anya mtu yeyote chakula.

Kuna wengine wanasema, "Mimi niko njiani, nipande maua ya nini?" Jamani, miaka mingapi tumesema tuko njiani! Na watoto waliozaliwa hapa wanakua. Nyumba zetu zinafanana, zimetofautiana namba tu. Mtoto akiweza kusema "kwetu ni pale penye ua", hilo siyo jambo dogo. Tena ua hili halidai miaka. Ukipanda mbegu leo, baada ya miezi 3 hivi unaanza kuona maua.

NI UA GANI?

Wengi mmeshaliona bila kulitazama. Ni mmea unaotambaa kando ya njia na kwenye vichaka. Ua lake lina vipande 5, rangi ya machungwa au njano, na katikati kuna duara jeusi kama jicho. Jani lina umbo la moyo au la ncha ya mkuki, na kikonyo chake kina ubapa pande zote mbili kama kijibawa. Wataalamu wanaliita Thunbergia alata. Neno alata ni la Kilatini, maana yake "lenye mabawa", na jina la kwanza ni la kumkumbuka Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Jina hilo lilitangazwa Uingereza mwaka 1825, lakini ua lenyewe ni la huku kwetu: Tanzania, Burundi, Rwanda, Kongo, Uganda na Kenya.

KUPATA MBEGU

Tafuta matunda yake madogo ya duara yenye mdomo mrefu kama wa ndege. Yakiwa kijani bado. Yakigeuka kahawia, chuma upesi, kwa sababu yakikauka sana yanapasuka na kurusha mbegu mbali. Dawa yake ni kufunga tunda kwa kitambaa chepesi likiwa bado halijapasuka.

Loweka mbegu usiku mmoja. Asubuhi zipande kina cha sentimita 1, mbegu 3 au 4 kwa dumu la lita 5. Zinaota kwa wiki 2 au 3. Wakati mzuri kwa sisi wa upande wa Kigoma ni mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, maana mvua itakusaidia kumwagilia.

KUTAYARISHA DUMU

Kata sehemu ya juu, halafu toboa matundu 5 au 6 chini kwa msumari uliopashwa moto. Bila matundu mizizi inaoza. Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu usilitumie kabisa, hata kama umeliosha. Changanya udongo makopo 2, samadi iliyooza kopo 1 na mchanga kopo 1. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu kutundika. Dumu la lita 5 lenye udongo uliolowa linaweza kufika kilo 7 au zaidi. Usilifunge kwenye kamba inayoshikilia turubai, wala juu ya mlango, wala mahali mtoto anapolala au kuchezea. Chimbia nguzo imara kando ya nyumba, ulitundike hapo kwa waya. Chagua upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Karibu sana na bati au turubai panachemka, majani yatababuka.

MAJI NA MATUNZO

Ingiza kidole kwenye udongo. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa sana, bora yasiwe na chumvi. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo hapana. Na chini ya dumu usiweke sahani ya kukinga maji. Maji yakituama siku nyingi yanazaa mbu, na mbu tulio nao wanatosha.

Mche ukifikisha majani jozi 3, kata ncha kwa kucha. Wengi wanaona huruma kukata, lakini mmea uliokatwa unatoa matawi mengi, na matawi ndiyo yanayoshuka pembeni na kuleta maua. Kila wiki 2 au 3 upe maji ya samadi: kikombe 1 cha samadi iliyooza kwenye lita 5 za maji. Ukizidisha, utapata majani mengi na maua machache.

Kiangazi, kuanzia Juni, angalia chini ya majani. Ukiona vidudu vyekundu vidogo sana na utando kama wa buibui, osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, halafu suuza. Mmea ukichoka, ukate ubakize sentimita 15, utachipua upya.

ONYO MOJA

Ua hili halina adabu likiachwa. Litapanda juu ya maharage na mihogo ya jirani, na ugomvi utaanza. Chuma matunda kabla hayajapasuka. Huko Australia, ambako lilipelekwa kama pambo, limevamia misitu na linahesabiwa magugu. Kwa hiyo ndugu zetu mnaosafiri kwenda nchi za mbali, msibebe mbegu mfukoni. Nchi nyingi zina sheria za mimea, na kukamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya mbegu siyo mwanzo mzuri wa maisha mapya.

Wala hamna haja ya kubeba. Marekani na Ulaya mbegu zake zinauzwa madukani, kwa jina la Kiingereza linalosema Susan mwenye macho meusi. Baridi ya huko inaliua kila mwaka, na watu wanatoa pesa tena kulipanda upya. Ua ambalo hapa mbuzi wanalikanyaga! Na ninyi mnaorudi Burundi au Kongo, hamhitaji kubeba hata punje. Liko kule linawangoja kando ya njia.

Kwa mwezi huu tunaomba kila familia iwape watoto kazi moja: watafute dumu lililotoboka, wachume mbegu, wahesabu siku mpaka jani la kwanza litoke. Kazi ya kumwagilia iwe ya mtoto mmoja kwa zamu, na mzazi asiifanye kwa niaba yake.

Mwezi ujao tutarudi kwenye mboga, tumewasikia. Tuonane tena, Mungu akipenda.