Dalili za Neva Zisifungiwe Faili

Mtu wa mtaa wa Makongeni, Thika, akianza kufa ganzi miguu, hukimbilia duka la dawa lililo karibu na steji. Hupewa vidonge vya maumivu na vitamini, akarudi kazini. Ganzi ikipanda hadi magotini huenda zahanati, kisha kliniki ya kibinafsi, kisha kuombewa, kisha kwa daktari mwingine mjini Thika. Lifungue daftari lake la hospitali, lile la shule lenye jalada lililochakaa, usome. Ukurasa mmoja umeandikwa presha, wa pili vidonda vya tumbo, wa tatu msongo wa mawazo. Kila mwandiko ni wa mtu wake, na hakuna dalili kwamba yeyote kati yao alirudi nyuma kusoma alichoandika mwenzake.

Msimamo wetu ni kwamba mgonjwa wa namna hii hapaswi kurudishwa nyumbani na neno la kumtuliza. Apewe jina la ugonjwa wake, na kama halijapatikana, apewe tarehe na mlango wa kuendelea kulitafuta.

Madaktari bingwa wa neva nchini ni wachache mno ukilinganisha na watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, na wengi wao wako Nairobi. Hilo halitabadilika mwaka huu wala ujao. Lakini mengi yanayosumbua neva hayahitaji bingwa ili yaanze kufuatiliwa. Miguu kuwaka moto usiku mara nyingi ni kisukari, na kukipima ni tone moja la damu kidoleni. Mgonjwa wa kisukari aliyekunywa metformin kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, nayo huleta ganzi ile ile. Mgongo unaouma miezi huku miguu ikilegea unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani huenda ana mayai ya tegu wa nguruwe yaliyogeuka malengelenge ndani ya ubongo. Haya yote yana dawa. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, takriban 100,000 nchi nzima, walipewa mikoba yenye vipimo vya sukari na presha. Wapo mitaani mwetu. Watumwe kuulizia ganzi na kuanguka kama wanavyoulizia homa na chanjo.

Kuna dalili zisizosubiri hata siku moja. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukikosa nguvu au maneno yakaanza kuvurugika, hicho huenda ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa tu katika saa 4 na nusu za kwanza, tena baada ya picha ya ubongo. Udhaifu unaoanza nyayoni na kupanda siku baada ya siku unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Hapo maombi yafanyike ndani ya gari, njiani kuelekea hospitali.

Neno linalotuudhi zaidi katika daftari lile ni msongo wa mawazo. Chukua mfano: Oktoba 2023, makumi ya wasichana wa Shule ya St. Theresa's Eregi, Kakamega, walishindwa kutembea, miguu ikitetemeka. Sampuli zilipelekwa maabara, na maofisa wakasema ni taharuki ya pamoja. Mitandaoni, wengi walidai wanaigiza ili kukwepa mitihani. Huo ulikuwa ukatili. Hali ambayo ubongo unashindwa kuuamrisha mwili, ingawa neva zenyewe hazijakatika, ipo na inatambuliwa na matabibu kote duniani. Tena hutambuliwa kwa kumpima mgonjwa. Daktari humlaza chali, huweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliolegea, humwambia anyanyue ule mwingine, ulio mzima. Ule uliolegea ukikandamiza kiganja wenyewe, jibu limeanza kupatikana, na mgonjwa anaweza kuelezwa na kufanyishwa mazoezi ya kumrejeshea nguvu. Anayeandika msongo wa mawazo bila kuugusa mguu hajapima kitu. Amechoka tu kutafuta.

Kifafa nacho bado kinaitwa mapepo katika nyumba nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 50 hivi wanaishi nacho, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa sawasawa. Katika nchi maskini, watatu kati ya wanne hawapati tiba hiyo. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, imetumika dhidi ya kifafa tangu 1912. Kwa hiyo mtoto mwenye kifafa wa mtaa wa Kiandutu anayeungua jikoni kwa kuangukia jiko ameangushwa na sisi watu wazima.

Familia zina kazi ya kufanya. Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mmoja wenu apige video kwa simu. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Upande gani ulianza kutetemeka? Ilichukua dakika ngapi? Video hiyo yaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Daftari la zamani lisitupwe likijaa. Lifungwe pamoja na jipya.

Kazi kubwa zaidi ni ya serikali ya Kaunti ya Kiambu. Itangaze siku ya wagonjwa wa neva katika Hospitali ya Thika Level 5, na tangazo hilo libandikwe kwenye kila zahanati ya Makongeni na Ruiru. Matabibu wa zahanati wafunzwe kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa. Barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta au Hospitali Kuu ya Kenyatta ieleze kilichopimwa na kilichobaki, ili mgonjwa asianze upya na kulipia tena vipimo vile vile. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, inamdai mtu wa jua kali mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena kwa mwaka mzima. Imweleze kwa lugha nyepesi, kabla hajapanda matatu, ni picha gani ya ubongo italipiwa na ipi ataitoa mfukoni.

Na wewe uliyeambiwa huna kitu ilhali kikombe kinakuponyoka mkononi, rudi. Beba daftari, beba video, na usitoke chumbani kwa daktari kabla hajakuandikia tarehe ya kurudi.