Mgeni Aonyeshwe Mji

Watu wengi husema ya kwamba kuzunguka mjini kwa kutazama tu ni kazi ya matajiri, na ya kwamba mkimbizi hana haja ya mambo hayo. Mimi sikubali, na sababu yangu ni hii.

Sisi tumetoka Kivu, Kongo, nasi twakaa Nakivale, mahali palipopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kwa miaka minane wazazi wangu waliujua mji wa Mbarara kwa milango miwili tu: mlango wa hospitali na mlango wa ofisi. Walikwenda na karatasi mkononi, wakapanga mstari, wakarudi.

Likizo iliyopita mama aliuza maharage, akatoa nauli ya watu watano. Mwenzangu wa darasani, Mnyankole, alikubali kuwa kiongozi wetu siku nzima bila malipo. Alitupeleka kwanza kilima cha Kamukuzi, palipokuwa na jumba la wafalme wa Ankole hata ufalme ulipofutwa mwaka 1967. Kisha tulipanda gari la njia ya Masaka, tukashuka Biharwe, penye mnara wa ukumbusho.

Hapo kiongozi wetu alitusimulia habari za Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliyefika mahali hapo na ng'ombe wengi aliowateka. Ghafula jua likapatwa, mchana ukawa giza. Mfalme akaogopa, akakimbia, akawaacha ng'ombe wote. Wataalamu wamehesabu wakaona ya kuwa jua hilo lilipatwa mwaka 1520.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata mfalme hukimbia akaacha ng'ombe wake!" Akacheka sana. Tangu tuondoke kwetu sikupata kumsikia akiwataja ng'ombe aliowaacha. Siku ile, njiani, alimtajia kiongozi wetu majina yao, mmoja mmoja. Naye akamweleza jinsi Wanyankole wanavyowaita ng'ombe kwa rangi zao. Mama alikuwa akisikiliza, akamsahihisha baba jina moja.

Jirani mmoja alituambia kwamba nauli ile ingalinunua sabuni na chumvi ya mwezi mzima. Ni kweli, nasi tuliona upungufu wake. Lakini sabuni haimfanyi mtu aonekane kuwa mgeni. Mtu akiitwa kwa namba ya karatasi yake kila siku, hata yeye mwenyewe husahau ya kuwa alikuwa na boma. Akionyeshwa mji na mwenyeji, huulizwa na yeye habari za kwao.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, ndugu zangu wanafunzi mliozaliwa hapa, nawaombeni jambo moja. Likizo ijayo kila mmoja wenu achukue jamaa moja ya wageni, awatembeze siku moja tu. Haitakiwi mali, yatakiwa miguu na ulimi. Nasi tuliokuja tusione haya kuuliza.